Kadi Iliyomwozesha Bibi Kizee

Mwaka papa, yaani baba yangu, alipoteleza kutoka juu ya lori la ndizi na kuvunjika nyonga, mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shule yangu iliishia hapo. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa msingi, maana nilianza kwa kuchelewa. Sisemi hivyo ili unionee huruma. Huruma za watu sikuzila wakati ule, na sitaanza kuzila sasa. Nasema tu ujue nilianzia wapi, kwa sababu wako watu hapa Kamembe wanaodhani nilizaliwa na mali mkononi.

Juzi nilikuwa nasafisha chumba cha nyuma cha duka langu, nikakuta kopo la wino mweusi ambalo kifuniko chake kimeshikwa na kutu. Nikalifungua kwa bisibisi. Harufu iliyotoka! Mafuta ya taa, masizi, na kitu kingine kama mpira uliosahauliwa juani. Nilikaa juu ya katoni ya karatasi nikaanza kucheka peke yangu. Mtu angepita nje angesema mama huyu ameonja urwagwa, pombe ya ndizi, asubuhi. Lakini nilikuwa nimemwona kichwani Mukecuru Anastazia, bibi kizee aliyekwisha kulala kaburini miaka mingi, ameshika kadi yake kama mtu aliyeshika samaki mkubwa anayeweza kuponyoka.

Ngoja nieleze vizuri.

Nyumbani kwetu kulikuwa Mururu, kwenye mteremko, mahali ambapo ukitoka nje kunawa uso unaiona Bukavu yote ng'ambo, na mabati yake yanakumulika machoni. Papa alipoanguka, maman, mama yangu, akaingia kwenye biashara ya kuvuka. Asubuhi alibeba nyanya na maharage kichwani, akavuka daraja la Rusizi, akauza upande wa Kongo, akarudi jioni na mafuta ya mawese au vitenge. Barrière, kizuizi cha mpaka, ilifungwa jioni. Ukichelewa, unalala huko huko. Ninyi mliokua hapa mnajua jinsi mtoto anavyokaa mlangoni saa hizo, anahesabu akina mama wanaopanda mlima na kutafuta mwendo wa mama yake kati yao.

Mimi nilipangiwa mambo mengine. Kulikuwa na jamaa yetu wa Nkungu, mama mmoja mwenye watoto wengi, alitaka msichana wa kuchota maji na kubeba mtoto mgongoni. Maman alikubali. Yule mama angekuja kunichukua baada ya mavuno. Wakati wa kungoja, nilipelekwa Kamembe kwa Tantine Vero, mdogo wake maman, ili nipunguze mdomo mmoja nyumbani. Tantine alifanya kazi kwenye duka la kuchapa la Papa Gaspard. Yeye ndiye aliyezungusha mkono wa mashine ya kuchapia. Alikuwa na bega la kulia nene kuliko la kushoto, na alijivunia. Kusoma hakujua. "Mimi nazungusha," alisema, "kusoma ni kazi ya bale benye makaratasi."

Papa Gaspard mwenyewe alikuwa Mnyarwanda aliyekulia Kongo. Kiswahili chake kilitoka kama gari lisilo na breki, na Kinyarwanda chake kilitoka kama cha mtu anayetafuna kiazi cha moto. Alikuwa na sauti ya kuita watu wa ng'ambo. Lakini mtu mbaya hakuwa.

Katika duka lile kulikuwa na kitu ambacho mji mzima ulikuja kuchungulia. Mzungu mmoja wa mradi wa barabara aliporudi kwao alimwachia Papa Gaspard mashine ya kuandikia yenye kioo. Kioo cheusi, herufi za kijani. Siyo kama hizi za leo, ambazo unaona ukurasa vile utakavyotoka. Ile ilionyesha maneno yote sawasawa, ya kijani, ya kimo kimoja. Ukitaka neno liwe nene, ukitaka likae katikati, ukitaka liwe kubwa, ulitakiwa kuiamuru kwa alama zake, na hukuona kitu mpaka ilipotoka karatasi ambayo Tantine aliizungushia nakala. Na aliyejua alama hizo alikuwa mtu mmoja tu, Imelda.

Imelda alikuwa na mimba kubwa. Alikula udongo, ule mweupe wa kuuzwa sokoni, alikuwa akivunja kipande na kukinyonya huku akiandika, na ncha ya pua yake ikabaki nyeupe kwa vumbi lake. Mimi nilipewa kufagia. Nikafagia pale nyuma yake mpaka sakafu ikakaribia kutoboka. Mwishowe akageuka.

"Weye mtoto, unafagia ao unaiba kazi yangu kwa macho?"

"Naangalia tu, Maman."

"Unajua kusoma?"

"Kidogo."

"Kidogo inatosha. Kuja hapa. Mgongo yangu imechoka, utakuwa unaandika na mimi nasema."

Ndiyo shule niliyosoma. Hakuna nyingine.

"Ona. G ni gras, maana yake nene," alisema. "Unafungua mabano, unatia G, unafunga mabano. Tangu pale, maneno yote yanakuwa manene."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka uiambie ikome. Unaandika tena G yako, lakini mbele yake unaweka haka kamstari kenye kuinama. Ndiyo kufunga mlango. Usipofunga?"

"Sijui."

"Utajua."

Na nilijua. Tangazo la kwanza waliloniachia nilitengeneze lilikuwa la kwaya. Neno KWAYA nililiwekea [G] mbele, nikaridhika nalo, nikasahau [/G]. Karatasi zikatoka nene kuanzia juu mpaka nukta ya mwisho, siku, saa, jina la mwalimu, vyote vyeusi kama chungu. Tantine Vero akasimamisha mkono wa mashine. "Hii kwaya itamaliza wino yote! Iko naimba kwa nguvu namna gani?"

Imelda hakunigombeza. Alinyonya udongo wake, akauliza, "Maman yako anavuka pont ya Rusizi kila asubuhi, si vile?"

"Ndiyo."

"Na jioni anarudi. Barrière ikifungwa hajarudi?"

"Analala Bukavu."

"Basi G yako imelala Bukavu. Ukivusha kitu, ukirudishe."

Alisema kwa mchezo. Mimi, mtoto, nikaichukua nzima nzima. Niliamini kwamba kuna uzi kati ya mashine ile na daraja, kwamba mlango nikiuacha wazi huku, maman atafungiwa kule. Tangu siku hiyo sikuacha alama hata moja bila kuifunga. Jioni moja nilikuwa nimerudi Mururu kulala, maman akachelewa, nikaanza kulia kwamba turudi Kamembe dukani. Papa kitandani kwake akauliza, kufanya nini? Nikasema kuna C nimeiacha wazi. C ilikuwa ya kuweka maneno katikati. Papa alidhani homa imenipanda. Maman akaingia na nazi mbili alizopewa na mteja, akauliza huyu analilia nini, papa akamjibu, analilia C.

Lakini alama iliyoniletea mambo ni T. T ilikuwa taille, kimo cha herufi, na ilifuatwa na namba. Hapo nataka unisikilize, kwa sababu wengi wanaicheka hadithi hii na hawaielewi.

Imelda alinifundisha hivi: "Ni kama kugawa nyama kwenu. Sahani haigawiwi sawa. Mkubwa unamupa kubwa. Kichwa ya karatasi, ishirini na ine. Bale ba katikati, kumi na mbili. Ule mudogo wa chini kabisa, munane."

Sasa wewe mwambie mtoto wa Mururu mambo ya kugawa nyama, halafu ushangae. Kwetu nyama iligawiwa kwa miaka. Babu kwanza, na kipande chenye mafuta, halafu papa, halafu wajomba wakiwapo, watoto tunapata mifupa na mchuzi, na hakuna aliyeona ni vibaya, kwa sababu wakati wako utafika. Nikaelewa basi kwamba herufi kubwa ni nyama kubwa. Na niliona ni haki kabisa. Nikasema moyoni, kumbe hata wazungu wanajua heshima.

Basi siku ikafika. Papa Gaspard alikuwa amevuka kwenda Bukavu kutafuta karatasi. Katikati ya asubuhi Imelda alishika meza, akasema "Eeh," akasema tena "Eeh," na Tantine Vero akamkamata kwa lile bega lake nene, akampeleka hospitali. Imelda aliondoka na kipande cha udongo mdomoni. Mlangoni akageuka, nikadhani ananipa neno la maana. Akasema, "Usikalie kiti yangu na vumbi."

Nilikaa. Ngoja nikwambie ukweli, nilikuwa nimekiota kile kiti. Nilikuwa nimemsikia Papa Gaspard akimwambia Tantine kwamba Imelda akijifungua atamtafuta mtu wa Bukavu mwenye diplôme. Na mama wa Nkungu alikuwa ametuma habari kwamba Jumatatu anakuja kunichukua. Kwa hiyo niliona wazi kama mtu anavyoona njia panda. Nikionyesha kwamba mashine inanisikia, labda nabaki. Nisipoonyesha, naenda kufunga mtoto wa mtu mgongoni, na vidole vyangu vitasahau.

Tantine aliporudi kutoka hospitali, alimkuta dukani kijana mmoja amesimama. Alikuwa mdogo wake Célestin, bwana harusi. Ameleta maneno ya kadi za mwaliko, yameandikwa kwa mkono. Harusi ni Jumamosi. Kadi zitoke leo.

Tantine akaniangalia. "Unajua ao hujui?"

"Najua."

"Basi andika. Karatasi nzuri ya kadi iko ile tu, hakuna ingine. Usinifanyie mambo ya kwaya."

Nikaanza. Na kwa sababu nilitaka kazi iwe safi, nikamwuliza yule kijana swali ambalo hakuna mchapishaji aliyewahi kumwuliza mteja.

"Kati ya hawa wote, nani mukubwa?"

"Mukubwa namna gani?"

"Kwa miaka."

Akafikiri. "Ni Mukecuru Anastazia, nyanya ya bibi harusi. Ule hata yeye mwenyewe hajui miaka yake."

Nikampa ishirini na nne.

"Halafu?"

"Halafu papa yetu. Halafu papa ya bibi harusi. Halafu bamaman."

Kumi na nane, kumi na sita, kumi na nne.

"Na hawa wawili wenye kuoana?"

Akakaribia, akateremsha sauti. "Bibi harusi njo mukubwa. Anamupita kaka yangu miaka mbili. Lakini usiseme, maman yetu hajue."

Sikusema. Niliandika tu. Bibi harusi kumi, bwana harusi nane.

Nikafunga milango yote. Nikaipitia tena, kila alama na mwenzake, hakuna iliyolala Bukavu. Karatasi ya kwanza ilipotoka nilipiga makofi. Ilikuwa kama familia imepiga foto, wazee mbele kwenye viti, watoto wamechuchumaa chini. Kadi ilikuwa ya kukunja kama kitabu, maneno yako ndani, nje peupe. Tantine Vero aliigeuza huku na huku. "Inapendeza," akasema. "Inashuka vizuri kama ngazi." Akazungusha mpaka karatasi nzuri ikaisha. Yule kijana akalipa, akachukua kadi mbili kuwaonyesha familia zote mbili, zingine akasema atazifuata kesho.

Kesho yake hakuja yeye. Alikuja Célestin.

Papa Gaspard alikuwa amerudi, yuko mezani anakula kiazi na sambaza, visamaki vya ziwani. Célestin aliingia bila kubisha, suti ya kazini, jasho mpaka shingoni, akaweka kadi juu ya meza karibu na samaki.

"Papa Gaspard, mimi nimekukosea nini?"

"Kwani nini?"

"Soma!"

Papa Gaspard akafuta vidole. Akasoma. Akasogeza kadi mbali na macho, akaisogeza karibu. "Weye uko wapi?"

"Hapo chini! Hapo! Niko kama sisimizi! Mimi njo naoa, na niko mudogo kuliko bote!" Akashika kichwa. "Hata bibi harusi yangu ananipita!"

"Ah, na kwa nini yeye kumi na weye munane?"

Célestin akajifuta jasho. Akaangalia dari. Hapo nikaelewa kwamba maman yake sasa anajua.

"Nani alifanya hii?" Papa Gaspard aliuliza, na watu wa ng'ambo wakasikia. Tantine Vero akajifanya anafuta mashine. Nikasimama mwenyewe. Sikungoja kuvutwa.

"Ni mimi, Papa."

"Kwa nini?"

"Nilimupa kila muntu heshima yake. Kwa miaka."

Nikaona shavu la Papa Gaspard linacheza, anazuia kitu. Akachukua ile kadi akaenda nayo mpaka mlangoni, akaifungua, akaiinua juu kwa mikono miwili kama mtu anayeuza kitambaa.

"Kutoka pale ulipo, angalia. Weye ni mgeni, umepokea mwaliko. Unataka kujua nini kwanza?"

"Nani anaoana. Na siku. Na mahali."

"Na jicho yako inaona nini kwanza?"

Nikaangalia. Kutoka mbali kadi nzima ilikuwa ukungu, isipokuwa jina moja, kubwa, jeusi, katikati ya juu.

"Mukecuru Anastazia."

"Basi mgeni atasema nani anaolewa?"

"Mukecuru Anastazia."

"Haa!" ikasema sauti nyuma yake. "Na nani atanioa mimi, sina meno?"

Alikuwa Mukecuru mwenyewe, mlangoni. Mdogo, mkavu, fimbo mkononi, pumzi zimemwishia, maana alikuwa amemfuata Célestin kwa miguu kupanda mlima mzima. Mkononi alikuwa na kadi yake, ile iliyopelekwa kwa familia ya bibi harusi. Papa Gaspard akamletea kiti. Hakukaa.

"Mimi sijui kusoma," alisema. "Maisha yangu yote wananiambia, Mukecuru, jina yako iko hapa, iko kanisani, iko kwa kitambulisho. Mimi naona mavi ya nzi tu. Hii ya jana, mtoto alinionyesha, nikaiona. Naijua sasa. Inaanza na kitu kama paa ya nyumba. Huyu mukwe wetu anasema anakuja kuifuta. Aifute, na mimi sikuji kwa harusi."

"Mukecuru, hakuna mwenye anakufukuza," Célestin akasema, "lakini hata mimi nina haki ya kuonekana siku yangu!"

"Uonekane. Nani amekuzuia kuonekana?"

"Ile karatasi!"

Papa Gaspard akaniangalia bila kucheka tena. "Imelda amejifungua asubuhi hii. Hawezi kuja. Karatasi ya kadi imekwisha, na kule Bukavu sikuipata. Nafanya aje?" Halafu akamwambia Tantine, kana kwamba mimi si mtu mwenye masikio, "Kesho natafuta ule wa diplôme. Huyu mtoto aende tu Nkungu."

Unajua, kuna maneno yanayokuchoma lakini yanakuamsha. Sikulia. Nilikuwa bado naiangalia kadi ile mikononi mwake, kwa sababu kitu kilikuwa kimefunguka kichwani mwangu pale mlangoni. Kimo cha herufi siyo nyama. Hakimlishi mwenye jina. Ni kama mtu anayesimama njiani na kuonyesha kwa mkono, akimwambia mgeni pita hapa kwanza, halafu hapa. Imelda alikuwa amenifundisha alama. Hilo hakuna aliyekuwa amenifundisha. Na nikaona pia, kwa sababu Papa Gaspard alikuwa ameinua kadi juu na jua liko nyuma yake, kwamba upande wa nje ni mweupe mtupu.

"Papa, nje hakuna kitu," nikasema.

"Nje wapi?"

"Nje ya kadi. Acha nitengeneze ingine, tuchape nje. Zile zile."

"Na ya ndani?"

"Ya ndani inabaki."

Alitaka kukataa, nikaona. Lakini harusi ilikuwa Jumamosi, na karatasi hakuna. Akaonyesha kiti kwa kidevu. "Kaa."

Nilikaa nao wakanizunguka wote, Célestin ananipumulia shingoni, Mukecuru ameweka fimbo yake juu ya meza karibu na mkono wangu. Nikaandika C, katikati. Nikaandika T na ishirini, nikaweka majina yao wawili.

"Bote kimo kimoja?" Célestin akauliza taratibu.

"Kimoja."

"Wamo mstari mmoja? Hakuna juu na chini?"

"Mmoja."

Akapumua. Chini yao nikaweka siku na mahali, nene, nikafunga unene. Saa, nene, nikafunga. Maneno ya karibuni, ya kawaida, kumi na mbili. Sikuuliza mtu umri. Vidole vilijua njia. Nilipomaliza nilirudi juu, nikashuka alama moja moja, na yoyote niliyoifungua niliiona imefungwa. Papa Gaspard alidhani nasali.

Karatasi ya majaribio ikatoka. Hakuisoma. Alikwenda nayo mlangoni, akamkabidhi Tantine Vero aishike, akavuka barabara, akasimama upande wa pili katikati ya watu wa ndizi, na kutoka kule akapaza sauti, "CÉLESTIN NA BEATA! JUMAMOSI!" Watu wa ndizi wakageuka. Mmoja akauliza, harusi iko wapi? Papa Gaspard akakodoa macho, akasoma mahali, akamwambia. "Basi nakuja," yule akajibu.

Célestin akacheka kwa mara ya kwanza. Akakaa kwenye kile kiti ambacho Mukecuru alikikataa. "Lakini ndani je? Bageni bakifungua wanakuta tena Mukecuru mukubwa na mimi sisimizi."

Ndipo bibi kizee alipomaliza maneno. "Kwa harusi, siku ile, weye utakuwa wapi?"

"Mlangoni. Na Beata. Tunapokea bageni."

"Na mimi?"

"Ndani. Kwa viti vya bazee."

"Basi hata kwa karatasi iko vile. Weye uko nje unapokea, na mimi niko ndani nimekaa. Nani atakuja kuuliza kwa nini mukecuru amekaa ndani?"

Tantine Vero alikuwa tayari ameshika mkono wa mashine.

Nisikudanganye kwamba kila mtu alifurahi. Maman yake Célestin alinuna mpaka Jumamosi kwa ile miaka miwili, na nasikia hata alipocheza alicheza amenuna. Lakini kadi zilizunguka mji, na watu wakaanza kuja dukani wakisema, tunataka ile ya wazee ndani. Wa kwanza tulidhani anatania. Halafu akaja mwingine. Halafu familia kutoka Bukavu, wakavuka kabisa kwa ajili hiyo, na mzee wao akauliza kama yeye anaweza kupata thelathini.

"Thelathini mashine haiwezi, Mzee," nilimwambia.

"Jaribu."

Jumatatu yule mama wa Nkungu alifika, mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Papa Gaspard alimpa soda, akampa na kiti, akamwuliza habari za mvua. Halafu akamwambia, "Maman, ule mtoto umekuja kutafuta amekwisha kupata kazi."

"Kazi gani, mtoto wa miaka kumi na moja?"

"Muangalie."

Nilikuwa nimewageuzia mgongo. Mzee wa Bukavu amesimama nyuma yangu ananihesabia wajukuu. Nilisikia kila neno, lakini sikugeuka, kwa sababu nilikuwa katikati ya alama na haijafungwa. Nilipoifunga nikageuka, yule mama alikuwa ameshaenda. Alikuwa ameniachia mkungu mdogo wa ndizi mlangoni. Ndizi zile tulizichoma na Tantine tukazila zote, na mate ya utamu yananijia sasa hivi ninavyoandika.

Imelda alirudi mtoto wake alipoanza kukaa. Alikuta kiti changu kimewekwa kando ya chake. Alikipangusa chake kwa kidole, akaangalia kama kuna vumbi, akakaa. Tulifanya kazi hivyo miaka, yeye na mimi, mpaka mashine ya kioo cheusi ilipokufa na zikaja zingine, na alama zikabadilika, nikazijifunza tena, na zikabadilika tena, nikazijifunza tena.

Leo, kwa kazi ya vidole hivi hivi, nina hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma Mururu, vyumba vitano, mabati mapya. Duka la kuchapa Kamembe, kompyuta mbili, mashine ya kuchapia rangi, mashine ya kukata karatasi. Shamba la ndizi Mururu na kipande cha mpunga Muganza. Ng'ombe mmoja na ndama. Watoto watatu waliosoma, na mmoja aliyekataa kusoma anayeendesha pikipiki yake mwenyewe. Papa nilimzika kwenye jeneza zuri. Maman yuko hai, anakaa kwangu, havuki tena. Hati za nyumba, za duka na za mashamba ziko kwa jina langu.